Fundi cherehani aliyegoma kuipigia kamera magoti

Saa moja asubuhi, Nemesia Callisaya ameketi kwenye kiti cha plastiki, anapakwa uchafu.

Ameoga kabla ya kutoka nyumbani. Misuko yake miwili ameipaka mafuta na kuifunga ncha kwa uzi mweusi. Blauzi aliyovaa ameishona mwenyewe. Sasa kijana mpambaji anachovya sponji kwenye kopo la rangi ya kahawia na kumsugulia shavuni, kisha shingoni, kisha kwenye kucha moja moja.

"Samahani, Dona Nemesia," kijana anasema. "Mwongozaji anataka uonekane umechoka zaidi."

"Nipake tu, mwanangu. Ila masikioni usiingize, nimeyasafisha jana."

Wanawake wa Bolivia walio kwenye foleni nyuma yake wanaangua kicheko. Wote ni mafundi cherehani. Wote wameoga. Wote watapakwa.

Hapa ni kwenye ghala moja kaskazini ya jiji la São Paulo. Watu wa televisheni wameligeuza kuwa karakana ya mateso kwa ajili ya tamthilia ya jioni. Kwenye hadithi, Nemesia anaitwa Rosita, mhamiaji aliyefungiwa ndani na bosi mkatili, anashona usiku na mchana bila malipo. Leo Rosita anaokolewa. Polisi watavunja mlango, wakili kijana ambaye ndiye nyota wa tamthilia ataingia, Rosita atapiga magoti, atambusu mkono na kumshukuru kwa machozi.

Nje ya hadithi, Nemesia ana miaka arobaini na tisa, ana cherehani nane zilizo mali yake, na hana nia ya kumpigia mtu magoti.

"Sijamwambia bado," ananong'ona, akimtupia jicho mwongozaji aliyesimama mbali na kikombe chake. "Acha kwanza anywe kahawa."

Karakana halisi ya Nemesia iko mtaa wa Bom Retiro, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifungo. Anashona blauzi za maduka ya mtaa wa Brás. Dukani blauzi moja huuzwa reais sitini. Yeye hulipwa reais nne, na katika hizo nne hutoa mshahara wa mafundi wake, uzi, umeme na kodi. Ukutani, juu ya swichi ya taa, kuna picha ya Bikira Maria wa Copacabana, mlinzi wa Bolivia. Kazi haianzi mpaka mmoja wao awe ameongoza sala, na kwa utaratibu wao zamu hiyo huzunguka, hata kwa yule fundi kijana anayesali haraka kama anayefukuzwa.

Alifika hapa miaka ishirini na miwili iliyopita, kwa basi, kutoka Kotapata, kijiji cha wakulima wa viazi juu ya ziwa Titicaca. Alipokewa na mtu wa mbali wa ukoo aliyekuwa na karakana. Alishona tangu alfajiri hadi anaposinzia, na alilala palepale, chini ya cherehani.

"Sikatai," anasema, na hapa sauti yake inakaza. "Mtu asije akaniambia nimesahau. Nililala chini ya mashine mwaka mzima. Vumbi la kitambaa nililila kama chumvi. Lakini kama mnaonyesha nilivyolala, onyesheni na nilivyoamka. Niliamka! Nikahama. Nikanunua cherehani ya kwanza, mbovu, nikaitengeneza. Nikaolewa, nikazaa, nikafiwa. Binti yangu anasomea unesi. Hayo yote yalitokea baada ya kulala. Mbona kwenye televisheni silali nikaamka?"

Wabolivia wa São Paulo hukutana kila Jumapili katika uwanja wa Kantuta. Ndiko wanakouziana viazi vya nyumbani, kunyolewa, kucheza ngoma na kupashana habari. Ndiko watu wa televisheni walikokuja miaka mitatu iliyopita kutafuta sura. Walimkuta Nemesia akibishana na muuza vitunguu, wakaipenda sura yake. Malipo yalikuwa reais mia na hamsini kwa siku, na chakula cha mchana.

Akakubali. Kazi ilikuwa imepungua, na mbele ya Mungu kuigiza si dhambi.

Katika tamthilia ile ya kwanza, Rosita alikuwa na kipande kimoja tu kikubwa. Bosi anamshika bega kutoka nyuma na kumwamuru apige simu nyumbani. Rosita anatabasamu huku machozi yakimtoka, anasema: "Mama, mimi mzima. Nina chumba changu. Nakula vizuri." Kisha anakata simu, na bosi anacheka.

Nemesia alikifanya kipande hicho mara moja tu, bila kurudia. Waliokuwepo walipiga makofi.

"Walidhani nina kipaji," anasema. "Hawakujua kwamba nilikuwa nakumbuka."

Hakumwambia mama yake. Mambo ya televisheni ya Brazil, alifikiri, yataishia Brazil. Mwaka uliofuata kituo kimoja cha La Paz kikaitoa tamthilia ile, ikiwa imeingizwa sauti za Kihispania, na ikawa inaonyeshwa kila jioni mpaka Kotapata.

Mama yake, Asunta, ana miaka sabini na minane. Ana televisheni ndogo iliyowekwa juu ya gunia la shayiri, na jirani zake huja kutazama kwake. Jioni moja akamwona mwanawe wa kwanza amekonda, mchafu, ameshikwa bega na mwanamume asiyemjua, akilazimishwa kudanganya kwenye simu. Na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamke mwingine.

"Hata sauti wamemnyang'anya!" Asunta alilia, na jirani wakalia naye.

Nemesia alipopiga simu kama kawaida yake ya kila Jumamosi, mambo yakawa hivi, kama anavyoyasimulia mwenyewe:

"Mama, ile ni tamthilia. Ni maigizo. Nililipwa."

"Ndivyo walivyokuambia useme."

"Akina nani?"

"Huyo aliye nyuma yako."

"Nyuma yangu kuna ukuta, mama."

"Ukuta wa nani?"

Akampigia simu ya picha. Akamzungusha chumba kizima, akamwonyesha jiko, kitanda, kabati. Mama akatazama hadi mwisho, kisha akasema: "Maskini mwanangu, wamekuvalisha nguo nzuri."

Hoja ya Asunta ilikuwa nyepesi, na hakuna aliyeweza kuivunja. Simu huwa mkononi mwa mtu, na mtu anaweza kulazimishwa. Televisheni haimjui Nemesia wala haimwogopi bosi wake. Mwaka ule televisheni ilisema barafu itaua viazi, na barafu ikaua viazi. Kwa nini iseme uongo juu ya mwanawe?

Kijiji kikafanya mkutano. Kwa desturi ya Kotapata, jambo la mtu mmoja likifikishwa mkutanoni huwa la wote, na kila nyumba hutoa chochote. Watu wakachanga nauli. Aliyetumwa ni Severo, mdogo wake Nemesia, kwa kuwa mwaka ule zamu ya uongozi wa kijiji ilikuwa yake. Aliondoka na joho la sufu la kiongozi, na mjeledi wa kiongozi ukiwa umevishwa begani mpaka kifuani, kama inavyompasa mtu aliyetumwa na watu wake.

Severo, mtu mfupi mwenye kifua kipana, hapendi kuisimulia habari hii. Ila mafundi wa karakana wanaipenda mno, na huisimulia mbele yake.

"Alipanda ngazi akipiga kelele," anasema Hilarión, fundi wa ovaloki, mashine ya kufungia kingo za vitambaa. "Mlangoni akamkuta yule bwana anayetuletea uzi. Akamkaba shati! 'Mfungulie dada yangu!' Bwana wa watu akatetemeka: 'Mzee, mimi nimeleta uzi tu.' 'Bosi yuko wapi?' Sisi sote tukanyoosha kidole. Akageuka. Amesimama nani? Dada yake! Ana mkasi mkononi, anatugombeza kwa sababu ya mikono ya blauzi."

"Nilikuwa na njaa," Severo anajitetea. "Mtu mwenye njaa haoni vizuri."

"Na bado una njaa mpaka leo, kaka," Hilarión anamjibu.

Maana Severo hakurudi. Alikula supu ya karanga, akalala, akaamka, akaomba aonyeshwe jinsi ya kutia uzi kwenye sindano, na sasa anashona mifuko ya suruali kwa ustadi wa kuridhisha. Akapiga simu nyumbani kueleza kwamba dada yake ni mzima, ana mali yake, na yeye mwenyewe amepata kazi.

Upande wa pili mama alisikiliza yote. Kisha akawageukia jirani zake, akasema: "Sasa wamewashika wote wawili."

Nemesia akaona dawa ni moja, aende mwenyewe. Akafunga karakana, akapanda basi, akafika Kotapata na vitambaa vya zawadi. Mama yake akamkumbatia, akamwosha miguu, akampikia. Asubuhi Nemesia aliamka kwenye ghala la viazi alikotandikiwa kulala, mlango umetiwa kufuli.

"Nilimwita mama. Akanijibu kupitia ufa wa mlango. 'Tulia, mwanangu. Umewatoroka, watakufuata. Humu hawatakuona.' Akawa ananipitishia chakula. Nilikaa humo hadi Jumapili, alipokwenda misa na shangazi yangu Ilaria akaja kunifungulia."

Anatikisa kichwa, hajui acheke au alie.

"Andika hivi," anasema. "Andika kwamba katika maisha yangu yote, mahali pekee nilipofungiwa kwa kufuli ni nyumbani kwa mama yangu."

Aliporudi São Paulo, simu ilishikwa mara moja ya mwisho. "Sitazungumza nawe tena mpaka uwe huru," mama yake alisema. "Nikizungumza nawe wanajua wamenituliza. Sitatulizwa." Tangu hapo umepita mwaka na nusu. Shangazi Ilaria ndiye anayeleta habari: kwamba mama amedhoofika, kwamba kifua kinambana wakati wa baridi, kwamba kila jioni kabla ya televisheni kuwashwa hupiga magoti na kumwomba Mungu amfungulie mwanawe mlango.

Ni mzigo mzito kuombewa ukombozi na mama anayekataa kukusikia ukisema umekombolewa.

"Watu wanacheka," anasema Nemesia. "Hata mimi nacheka. Lakini mama atakufa akiamini mimi ni mtumwa. Atakwenda mbele ya Mungu na malalamiko juu yangu ambayo si ya kweli. Siwezi kukubali."

Kisha anasema jambo ambalo kwa muda mrefu hakumwambia hata Severo.

"Mama hakudanganywa na televisheni. Nilimdanganya mimi. Ule mwaka wa kwanza, nikilala chini ya cherehani, nilimpigia na kumwambia nina chumba chenye dirisha. Maneno yaleyale ya Rosita. Televisheni imechelewa tu kumfikishia habari, kwa miaka ishirini."

Pale Kantuta, kwa upande mwingine, hakuna aliyemhurumia. Tamthilia iliwaudhi watu. Wateja wa Brás walianza kuwauliza mafundi kama wanaruhusiwa kwenda chooni. Delfina, muuza salteña, yaani sambusa za Bolivia, alikuwa akimwona Nemesia anakuja, anapaza sauti uwanja mzima usikie:

"Jamani, Rosita huyo! Leo bwana amekuruhusu kutoka?"

"Ameniruhusu, dada, ila kanikataza nisinunue salteña zako. Kasema utumwa wa chumvi umezidi wa cherehani."

Hata hivyo maneno ya Delfina yalimwingia. Akaanza kuzitazama tamthilia kwa jicho jingine, jioni baada ya jioni, blauzi mapajani. Anasema mhamiaji kwenye televisheni ana kazi tatu tu: kulia, kuiba, au kuokolewa. Hapiki chakula hadi kikaiva. Hagombani na mwenzake kwa sababu ya zamu ya bafu. Hampeleki mtoto shule na kukutana na mwalimu asiyeweza kulitamka jina lake. Hana rafiki mchekeshaji. Na akiokolewa, huokolewa na mtu mrefu.

Kwa hiyo tamthilia ya pili ilipomwita, kwa ajili ya Rosita yuleyule na mateso yaleyale, mafundi wake walidhani atakataa. Alikubali siku hiyohiyo.

"Mama haniamini kwenye simu. Haniamini hata akinishika kwa mikono yake," alimwambia Severo. "Anaiamini televisheni. Basi nitamjibu hukohuko."

Alikuwa amegundua kitu. Katika tamthilia ya kwanza, mzee mmoja wa Bolivia aliimba wimbo wa kwao kwa Kiaimara, lugha ya Kotapata. Maneno yote ya Kireno yalifunikwa kwa sauti za Kihispania, pamoja na ya Nemesia. Wimbo wa yule mzee haukuguswa, kwa sababu waliokuwa wanaingiza sauti hawakuwa na mtu wa kuuimba. Ulifika Kotapata kama ulivyotoka kinywani mwake.

Hapa ghalani, kahawa ya mwongozaji imekwisha. Anaitwa Tarcísio, mtu mwembamba mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso. Anamweka Nemesia mahali pake na kumwonyesha alama ya chaki sakafuni.

"Hapa unaanguka magotini, Dona Nemesia. Wakili anakunyooshea mkono, unaubusu."

"Sitapiga magoti."

"Goti linauma? Tutaweka mto."

"Goti ni zima. Nalitumia kila asubuhi kumshukuru Mungu, na Yeye hajawahi kuniomba nijipake uchafu kwanza."

"Ni sekunde kumi tu. Watazamaji wanahitaji kulia."

"Walie nikiwa nimesimama."

Tarcísio anashusha pumzi. Si mtu mbaya, ila ana siku ndefu. "Basi nitamweka mwingine mahali pako," anasema, na kuwatazama wanawake waliopakwa uchafu.

Mmoja anatazama viatu vyake.

"Mimi goti langu limevimba," anasema mwingine.

"Langu lilivunjika utotoni."

"Mimi sina goti kabisa," anasema wa mwisho, mama mnene aliyevaa sketi pana, na hata mshika taa anacheka.

Tarcísio anaishusha miwani yake machoni, kisha anaipandisha tena. "Haya. Simama. Lakini utoe shukrani yenye hisia. Sema unachotaka, ilimradi itoke moyoni."

"Kwa lugha yangu?"

"Kwa lugha yako ndiyo bora. Inaleta ukweli."

Kamera zinawashwa. Mlango unavunjwa, polisi wa bandia wanaingia, vumbi la bandia linatimka. Bosi mkatili anafungwa pingu. Wakili kijana anatokea kwenye mwanga na kumnyooshea Rosita mkono. Nemesia anaushika kama unavyoshikwa mkono wa mtu sokoni, anautikisa mara moja, anauachia. Kisha anamwacha wakili palepale, anaigeukia kamera, na kuanza kusema kwa Kiaimara.

"Mama, ni mimi, Nemesia. Sauti hii ni yangu, isikilize. Mwaka ule wa kwanza nilikudanganya. Nilikuwa nalala chini ya cherehani, nikakuambia nina chumba chenye dirisha. Nilikuwa nakula mara moja kwa siku, nikakuambia nimenenepa. Nisamehe. Uliyaona ya kweli, ila umeyaona yamechelewa. Yale yalikwisha, mama."

Wanawake waliosimama nyuma yake wanasikiliza. Wote wanakijua Kiaimara, na wote, inaonekana, wamewahi kuwa na dirisha kama lile. Mama mnene anajifuta jicho, na rangi ya uchafu inahamia puani.

"Sasa sikiliza," Nemesia anaendelea. "Mlango huu waliouvunja ni wa mbao laini. Wameuvunja mara tatu tangu asubuhi, na kila mara wanauunga kwa gundi."

Nyuma yake mtu anaguna.

"Huyu mkatili anaitwa Wagner. Vumbi la vitambaa linampigisha chafya, na asubuhi amenigawia mkate wake. Uchafu huu ni rangi, nimepakwa na mtoto wa watu mwenye adabu. Cherehani nane ni zangu. Severo hajafungwa, ila tumbo lake linapaswa kufungwa. Nikikupigia, shika simu, mama. Shika simu."

Hapo wanawake hawajiwezi tena. Wanacheka mpaka wanashikana mabega, machozi yanachimba mifereji kwenye uchafu wa mashavuni. Mmoja anamkumbatia polisi. Wakili kijana, asiyeelewa hata neno moja, anaanza kucheka naye, kwa kuwa kicheko cha namna ile hakimwachi mtu.

"Kata!" Tarcísio anapaza sauti. Macho yamemlowa. "Hii ndiyo furaha ya watu waliofunguliwa! Ulikuwa unasema nini, Dona Nemesia?"

Angeweza kujibu kwamba ni sala. Hafanyi hivyo. Anamweleza yote, moja baada ya jingine, pamoja na gundi.

Wagner, yule bosi mkatili, ndiye wa kwanza kusema: "Kumbe mtu anaweza kuniona nikipiga chafya hadi Bolivia." Tarcísio anatembea hadi kwenye mlango uliovunjika, anaigusa gundi yake, anarudi.

"Siwezi kurusha hewani kitu kama hiki."

"Basi rusha kile ambamo nimepiga magoti," Nemesia anasema. "Ah! Hakipo."

"Dona Nemesia, ile ni barua yako binafsi."

"Nyinyi mlimpelekea mama yangu barua kwa jina langu, na mkatia sauti ya mtu mwingine. Haya ni majibu."

Tarcísio anawatazama wanawake, anawatazama wapiga picha, na watu wanaosubiri chakula. Mwishowe anajisemea kwa sauti ndogo: "Hakuna atakayeelewa."

"Mmoja tu anatosha," Nemesia anamjibu.

Kipande hicho kilirushwa hewani. Mhariri aliukata mkate wa Wagner kwa sababu ya muda, mengine akayaacha. Safari hii kituo cha La Paz kilikuwa kimeinunua tamthilia mapema, na baada ya miezi michache ikafika Kotapata. Wakili alizungumza kwa sauti ya Kihispania ya mtu mwingine. Polisi hali kadhalika. Nemesia alizungumza kwa sauti yake.

Shangazi Ilaria alikuwepo. Kwa simu, anasimulia kwamba jirani walicheka hadi mbwa wakabweka. Asunta hakucheka. Aliinuka, akaizima televisheni kabla tamthilia haijaisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema: "Nipe simu yako."

Huko Bom Retiro, Nemesia na Severo walikuwa mezani. Nemesia anayakumbuka maneno yote.

"Nani yuko nyuma yako?" mama aliuliza.

"Severo."

"Anafanya nini?"

"Anakula."

"Basi ni kweli," mama akasema.

Mwanzoni hakuna aliyelia, Nemesia anasema. Mama aliuliza bei ya cherehani moja, akasema ni wizi. Aliuliza kwa nini Severo hajarudi kumalizia zamu yake ya uongozi, na akaagiza aambiwe kwamba kijiji kimempiga faini ya kondoo wawili. Kisha, kabla ya kuaga, akasema:

"Lile dirisha lako, mwanangu. Sikuwahi kuliamini. Lakini nililiombea kila siku, lisikupitishie baridi."

Hapo ndipo Nemesia alipolia, na Severo akaichukua simu.

Siku hizi mama anashika simu, Jumamosi na hata siku nyingine. Mwezi Agosti, Mungu akipenda, atapanda basi na shangazi Ilaria kuja São Paulo kwa sikukuu ya Bikira, na Nemesia ameshamshonea sketi ya kuchezea ngoma, tabaka sita, rangi ya machungwa. Delfina ameahidi salteña zenye chumvi kidogo. Hajaombwa.

Tarcísio naye amepiga simu. Anaandaa tamthilia mpya, na ana nafasi ya mhamiaji kutoka Bolivia, mfanyakazi wa ndani anayeiba mkufu wa mama mwenye nyumba. Malipo ni mara mbili ya yale ya kwanza.

"Nimemwambia nina oda ya blauzi," anasema Nemesia, mguu ukiwa tayari kwenye kanyagio la cherehani. "Nimemwambia wizi sijui, na kulia nimemaliza. Siku akiwa na mwanamke wa Bolivia anayekula mchana na mama yake, wanabishana kuhusu pilipili, na hakuna anayewaokoa, aniite. Nitakuja na mama yangu. Na chakula tutapika wenyewe."